Kuandaa maziwa ya mtoto kabla ya kurudi kazini: niliyojifunza Ruring'u

Mwezi uliopita binti ya kaka yangu alinipigia simu kutoka Kisauni, saa nne usiku, sauti imemkauka kwa kulia. Mwanawe alikuwa na wiki nane, na likizo yake ilikuwa imebakia mwezi mmoja. Siku hiyo alikuwa amekaa nusu saa na pampu aliyoazimwa na shoga yake, akapata maziwa ya kujaza vijiko viwili vya mezani.

"Shangazi, yamekauka," akaniambia. "Nimuanzishe ya kopo mapema, azoee?"

Nikamwuliza mambo matatu. Mtoto alikuwa amenyonya lini kabla ya pampu? Dakika chache tu, tena maziwa yote mawili. Nepi ngapi amelowesha tangu asubuhi? Saba. Na kliniki ya wiki ya sita walisema nini kuhusu uzito? Muuguzi alifurahi. Basi hayajakauka, nikamwambia. Maziwa yako yamo tumboni mwa mwanao, na hivyo vijiko viwili ni mabaki. Anayekamua mara ya kwanza mara nyingi hupata mililita 15 au 30, na wengine matone tu.

Tulizungumza mpaka karibu saa sita. Kesho yake shoga mwenye pampu naye akapiga, kisha mwingine wa Likoni. Nikaona afadhali niyaandike, maana mimi mwenyewe sikuyajua haya nilipokuwa na mtoto wa kwanza, na aliyelipa ni yeye.

Nimezaliwa Mombasa, lakini kazi ilinileta Nyeri, na kwa miaka kadhaa sasa naishi Ruring'u, mtaa wa pembeni mwa mji, si mbali na ule uwanja wa michezo. Mtoto wa kwanza nilimzalia nyumbani Mombasa. Wa pili nilimzalia huku kwenye baridi. Wa kwanza alinyonya miezi mitatu na wiki tatu, wa pili akanyonya miaka miwili kasoro mwezi mmoja. Mama ni yule yule, na kazi zote mbili zilikuwa za ofisini, kuingia asubuhi na kutoka jioni.

Miezi sita kwa likizo ya miezi mitatu

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 29, yampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani wasema mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila hata maji, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka miwili au zaidi. Miaka miwili sisi wa Mwambao hatuhitaji kuambiwa na mtu, imo katika Suratul Baqara. Lakini miezi sita ukitoa mitatu yabaki mitatu, na hiyo hakuna aliyemwambia mama aipitishe vipi. Tena wengi huanza likizo wiki mbili kabla ya kujifungua, kwa hiyo siku ya kurudi kazini mtoto ana wiki kumi au kumi na moja tu.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2008-09 ulionyesha kuwa watoto 32 kwa kila 100 wenye umri chini ya miezi sita walikuwa wakipewa maziwa ya mama peke yake. Mwaka 2014 wakafika 61. Mwaka 2022 walikuwa 60. Tulipanda kwa kasi, kisha tukasimama pale pale. Sisemi kazi ndiyo sababu ya pekee, lakini mimi mtoto wangu wa kwanza hakushindwa na kitu kingine.

Nilirudi ofisini Jumatatu moja bila ya kuwahi kukamua hata tone. Kufika saa nne asubuhi maziwa yamejaa kama mawe, blauzi imelowa, nikaingia chooni nikayakamulia kwenye sinki huku nimebana mlango kwa mguu. Siku ya tatu nikaacha, maana wakubwa wa kazi walishaanza kuuliza niko wapi. Wiki ya pili maziwa hayakujaa tena mchana, nami nikafurahi, nikidhani yametulia. Kumbe ndiyo yalikuwa yakiaga. Jioni mtoto akishika ziwa analia, analiachia, analishika tena. Tukanunua maziwa ya kopo ya usiku tu, kisha ya mchana pia. Mamangu alisema ni kijicho, mtu kaniona nikinyonyesha ndani ya matatu. Mimi nikasema ni chakula. Sote wawili tulikosea.

Ziwa hutazama lilivyomalizwa

Maziwa hayatengenezwi kwa ghala. Mtoto anapovuta chuchu, ubongo hutoa homoni mbili. Ya kwanza, prolaktini, huliamrisha ziwa kutengeneza. Hupanda zaidi usiku, ndiyo maana kunyonyesha usiku kuna thamani kuliko tunavyodhani tunapolalamika. Ya pili, oksitosini, huyasukuma maziwa yaliyokwishatengenezwa yatoke. Hii hutoka kwa utulivu, kwa harufu ya mtoto, hata kwa kumsikia akilia, na huzuiliwa na hofu, baridi, maumivu na aibu. Na ndani ya ziwa lenyewe kuna kipimo cha tatu: likijaa likaachwa limejaa, hujipunguzia kazi. Likimalizwa mara kwa mara, huongeza.

Ukishayaelewa hayo matatu, mengine yote ni hesabu. Siku zangu za kwanza ofisini Mombasa nililiacha ziwa limejaa saa tisa kwa siku, siku tano kwa wiki. Likaelewa kuwa mwenye kuhitaji hayupo.

Kwa sababu hiyo pia hufai kuanza kukamua ya kuweka tangu mtoto ana wiki moja. Wiki sita za mwanzo mwachie mtoto apange kiasi chake. Anayekamua sana mapema huweza kupata maziwa mengi kupita haja, yakaganda, yakauma, na homa ikamshika. (Wako wanaolazimika: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au asiyeweza kuvuta. Hao hukamua tangu siku ya kwanza, mara nane au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo, wakiongozwa na wauguzi.) Kwa mtoto mzima mwenye kunyonya vizuri, wiki tatu au nne kabla ya kurudi kazini zatosha.

Ni kiasi gani hasa

Hapa ndipo akina dada wengi hujitia wasiwasi, kwa sababu wameona picha za friza iliyojaa vifuko mpaka mlangoni. Mtoto anayenyonya tu, baina ya mwezi mmoja na miezi sita, hunywa wastani wa karibu mililita 750 kwa saa 24. Wako wa chini ya hapo na wako wa juu sana, nao wazima wote. Gawanya: ni kama mililita 30 kwa saa. Ukiondoka saa moja asubuhi ukarudi saa kumi na moja jioni, ni saa kumi, basi mtoto ahitaji karibu mililita 300, yaani vikombe vidogo vitatu vya mililita 100. Na kiasi hicho hakipandi sana kadiri mtoto anavyokua katika miezi hiyo. Aliyelea kwa maziwa ya kopo atakwambia mtoto wa miezi mitano anywa zaidi. Kwa maziwa ya mama si hivyo.

Sasa, huhitaji kuweka ya mwezi mzima. Wahitaji ya siku ya kwanza, na akiba ya siku moja au mbili kwa dharura. Utakayoyakamua Jumatatu kazini ndiyo mtoto atakayoyanywa Jumanne, ya Jumanne yawe ya Jumatano, na ya Ijumaa yasubiri Jumatatu. Ukikamua mililita 50 kwa siku kwa wiki tatu una zaidi ya lita moja, na hiyo ni siku tatu nzima za kutokuwepo kwako. Yatosha. Kinachoulinda unyonyeshaji ni kukamua kule kazini, siyo lita ulizoziacha nyumbani. Mwenye friza iliyojaa asiyekamua mchana atafika pale pale nilipofika mimi, ila atachelewa kidogo.

Wakati mzuri ni alfajiri na asubuhi, maziwa yanapokuwa mengi. Mnyonyeshe mtoto, kisha kamua kilichobaki pande zote mbili kama dakika kumi kila upande. Au mpe ziwa moja huku wakamua la pili: huku mtoto avuta, huku yanashuka yenyewe. Siku tatu nne za mwanzo utapata kidogo, usivunjike moyo. Ziwa linahitaji siku chache kuelewa kuwa kuna mtoto wa pili wa kubuni. Uwe na saa yako ile ile kila siku. Anayetaka kuongeza upesi anaweza kwa siku chache kuchukua saa moja ya jioni akafanya vipande: akamua dakika 20, apumzike 10, akamue 10, apumzike 10, akamue 10. Ni kuiga mtoto anayeng'ang'ania ziwa siku anapokua kwa ghafla.

Mkono, na somo la ng'ombe

Pampu ni nzuri kwa mwenye nayo, lakini aliyenifundisha mimi alitumia mkono. Alikuwa jirani yangu wa Ruring'u, muuguzi mstaafu wa Kikuyu ambaye mtaa mzima humwita shosho, nami nikafuata. Alinikuta jikoni Julai, ukungu umeshuka mpaka dirishani, nimekaa na sweta, mikono baridi, nabana na kuvuta na hakuna kitu.

"Wewe wa Mombasa," akasema, "hata ng'ombe hawezi kukupa maziwa ukimshika hivyo."

Yeye ana ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba, kama wengi huku. Akanieleza kuwa ng'ombe akishtushwa, au akikamuliwa na mgeni mwenye haraka, huyazuia. Hupanguswa kwa kitambaa cha maji ya moto, hupewa cha kutafuna, husemeshwa, ndipo yashuke. Homoni ni ile ile, alisema, kwa ng'ombe na kwa mke wa mtu.

Basi alivyonifundisha ni hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Kikombe au bakuli lenye mdomo mpana liwe limeoshwa na kumiminiwa maji yaliyochemka. Weka kitambaa cha moto kwenye ziwa dakika chache. Kwa huku baridini hilo halina mjadala, kwa Mombasa waweza kuliruka. Likande taratibu kwa vidole kutoka nje kwenda kwenye chuchu. Kisha shika kwa umbo la herufi C, kidole gumba juu, vidole viwili chini, mbali kidogo na chuchu, kama sentimita mbili au tatu. Sukuma kwanza nyuma kuelekea kifuani, ndipo ubane, kisha uachie. Sukuma, bana, achia. Usiteleze juu ya ngozi na usivute chuchu, ikiuma umekosea. Mwanzo hapatoki kitu, kisha matone, kisha yataruka kwa nyuzi. Yakipungua zungusha vidole upande mwingine, kisha hamia ziwa la pili, halafu rudi la kwanza. Mara nyingi ni dakika 20 mpaka 30 kwa yote mawili. Hata mwenye pampu, akimalizia kwa mkono hupata zaidi.

Na umtazame mtoto, au kazini utazame picha yake. Mimi nilikuwa na kofia yake ya sufi ndani ya mkoba. Nilicheka niliposhauriwa. Ilifanya kazi.

Kuyaweka: Ruring'u si Mombasa

Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na Julai nyumba yangu ni baridi kuliko friji mbovu. Mombasa mwezi Machi ndani ya chumba ni nyuzi 30 na zaidi. Kanuni inayofuatwa sana ni kuwa maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa mpaka saa nne mezani, ikiwa joto halizidi nyuzi 25. Basi shosho aweza kuyaacha kwenye kabati lake mpaka mchana. Wewe wa Kisauni, yapeleke kwenye baridi papo hapo.

Ndani ya friji, nyuma kabisa na si mlangoni, hukaa mpaka siku nne. Ndani ya friza yenye mlango wake ni bora yatumike kabla ya miezi sita. Ukiyatoa yayeyushe kwenye friji usiku kucha, au weka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto kiasi. Usiyachemshe, na usiyatie kwenye maikrowevu, kwa sababu hupata moto pahali pamoja yakamwunguza mtoto ulimi. Yaliyoyeyuka yatumike ndani ya siku moja yakiwa kwenye friji, wala usiyagandishe tena. Na kikombe alichokwisha kunywea mtoto, kilichobaki kiishe ndani ya saa mbili au kimwagwe. Najua inauma. Nimewahi kulia kwa mililita 40.

Vyombo viwe vya glasi au plastiki ngumu yenye kifuniko. Chupa ya maji uliyonunua barabarani siyo. Sisi tuliokua tukigandisha barafu za ubuyu za kuuza twajua kitu kilichojaa hupasuka kikiganda, basi acha nafasi juu. Weka kidogo kidogo, mililita 60 au 100 kwa chombo, usije ukayeyusha mengi bure. Andika tarehe. Maziwa yakikaa hujitenga, mafuta yakaelea juu. Hayajaharibika, yazungushe tu polepole. Stima ikipotea usifungue friza: iliyojaa huhifadhi baridi kama siku mbili, iliyojaa nusu kama siku moja.

Asiye na friji kazini atumie boksi la barafu, au themosi ya mdomo mpana iliyotiwa barafu dakika kumi ikapoa, barafu ikamwagwa, ndipo maziwa yakatiwa. Kwenye boksi lenye mapande ya barafu iliyoganda kabisa maziwa hukaa mpaka saa 24.

Wako walioniuliza kuhusu benki ya maziwa. Kenya ilifungua ya kwanza mwaka 2019, katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi. Hiyo ni ya watoto wachanga waliolazwa, waliozaliwa kabla ya wakati au wagonjwa, ambao mama zao hawana maziwa au wamefariki. Haimhusu mwenye kwenda kazini. Lakini kwetu hilo laleta suala la undugu wa kunyonya, kama lile la jirani anayekunyonyeshea mwanao mchana. Wazee wetu walifanya sana na walikuwa na kumbukumbu: nani kanyonya kwa nani, mara ngapi. Ukifanya, jamaa zote mbili zijue, na umwulize shekhe wako mapema, sio siku ya posa.

Kikombe, yaya na bibi

Wiki mbili kabla ya kurudi, mtu mwingine aanze kumpa mtoto maziwa yako mara moja kwa siku. Asiwe wewe, akikusikia harufu atadai ziwa, na haki yake. Kliniki zetu hushauri kikombe kidogo cha wazi badala ya chupa, hasa kwa sababu chupa na chuchu yake ni ngumu kusafisha, na kuhara kwa mtoto wa miezi mitatu si jambo la mchezo. Mtoto akaliwe wima mapajani, kikombe kiguse mdomo wa chini, maziwa yafike tu kwenye midomo, naye ayalambe mwenyewe. Asimiminiwe. Siku ya kwanza nusu itaishia kwenye kitambaa cha shingoni. Siku ya nne utastaajabu.

Kazi kubwa zaidi ni kuwakalisha chini wanaobaki nyumbani. Yaya akiona mililita 80 katika kikombe atasema hazishibishi, na bibi ataongeza kijiko cha maji ya sukari kwa nia njema. Mombasa hoja ni joto: "mtoto ana kiu, masikini." Maziwa ya mama ni maji kwa kiasi cha asilimia 87 hivi, hata kwa joto la Machi hahitaji mengine. Ruring'u hoja ni baridi, na dawa yake ati ni uji mwepesi. Kila mahali pana sababu yake.

Na kwa chakula chako wewe, mamangu alipanda basi kutoka Mombasa na pweza mkavu na pilipili manga ya uji. Shosho akaja na sufuria la njahi, zile kunde nyeusi zenye mstari mweupe ambazo Wakikuyu hawakosi kumpikia mzazi. Walikutana jikoni mwangu, kila mmoja akaonja cha mwenzake kwa adabu na asikirudie. Mimi nilikula vyote. Sijaona ushahidi kuwa kimoja wapo kina siri ya maziwa, lakini mwenye kunyonyesha ahitaji chakula zaidi ya kawaida, na maji kila anapoona kiu, na mtu anayemwambia kaa chini ule. Hicho cha mwisho ndicho kilichonisaidia zaidi. Anayeangukiwa na Ramadhani akinyonyesha ana rukhsa yake, aitumie akiona mwili umeshindwa.

Neno moja kuhusu uzazi wa mpango: vidonge vyenye estrojeni vyaweza kupunguza maziwa, basi mwambie muuguzi kuwa wanyonyesha akupe njia nyingine. Na yule anayetegemea kunyonyesha kwenyewe kumkinga asishike mimba, kinga hiyo hupungua akishaanza kukaa mbali na mtoto mchana kutwa.

Haki yako ofisini

Wengi hawajui kuwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017, vifungu vya 71 na 72, yamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea au kukamulia, chenye pa kunawa mikono, friji au namna ya kupooza, umeme wa pampu, meza ndogo na viti vya kukaa vizuri. Na yampa mama muda wa kukamua mbali na ule wa chakula, usiozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi, na muda huo uhesabiwe kuwa ni wa kazi. Ndugu zetu wa Tanga na Dar es Salaam wana sheria yao ya ajira ya 2004: likizo ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi.

Sheria iko, chumba hakipo. Hiyo ndiyo hali katika ofisi nyingi nilizoziona. Mimi wa mtoto wa pili niliandika barua wiki tatu kabla ya kurudi, nikataja vifungu kwa namba, nikaomba vitu vitatu tu: chumba chenye kufungika, kiti, na nusu saa mara mbili. Bosi alicheka kwanza. Kisha akasoma tena, akamwita karani. Nikapewa stoo ya mafaili, yenye vumbi na ufunguo. Nilipangusa, nikaleta kanga ya kufunika kioo cha mlango, nikakamua saa nne na saa tisa, na saa saba wakati wa chakula.

Wasio na bosi wa kuandikiwa barua ni wengi zaidi. Mama muuza mahamri hurudi kibarazani mara tu arobaini ikiisha, wengine hata kabla. Kwake dawa ni mtoto kuletwa, au awe karibu pa kukimbiwa. Akiweza kunyonyesha alfajiri, mara moja katikati ya kazi, na mara tu akirudi, maziwa hayamtupi.

Na wote, usiku usikatize. Watoto wengi mama akirudi kazini hugeuza saa: mchana hunywa kidogo, usiku hudai deni lao lote. Wachosha, lakini ndio wanaokutengenezea maziwa ya kesho.

Kupima kama yatosha, tazama nepi sita au zaidi zenye mkojo kwa siku, na uzito. Chanjo za watoto wetu huangukia wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ile ya 10 iko kabla tu ya wengi kurudi kazini, na ya 14 baada ya kuanza: linganisha uzito wa siku hizo mbili katika kijitabu cha kliniki. Mtoto mzima wa umri huo huongezeka kama gramu 500 kwa mwezi au zaidi. Ukiona mstari umelala, au ziwa lina pande jekundu lenye moto na wewe una homa, nenda zahanati, usingoje. Na huku wangoja zamu, endelea kulikamua.

Siku yangu ya kwanza kazini Nyeri niliacha mililita 300, mtoto akanywa 220. Nilirudi na 240 ndani ya themosi. Shosho alikuwa mlangoni akisubiri kuona.

Binti ya kaka yangu amenitumia picha jana kutoka Kisauni: vichupa kumi na viwili vya glasi vyenye tarehe, vimepangwa juu ya changu wa friza. Anarudi kazini Jumatatu. Barua yake ameipeleka, na mpaka naandika haya hajajibiwa.